Kijana aliyeumia uwanjani na vibarua vya likizo hapa Lamu: mzigo wa gatini nani anauhesabu?

1. Mkufunzi wa Langoni (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nimeonelea niuanzishe uzi huu kabla ya likizo ndefu ya Novemba na Disemba kufika, kwa kuwa huo ndio msimu ambao kaskazi inaanza kuvuma, wageni wanajaa Shela, majumba yanakarabatiwa, na kila kijana wa sekondari anatafuta kibarua. Ndiyo miezi hiyo hiyo ambayo mashindano ya mitaa hupamba moto katika uwanja wa Twaif, kiasi kwamba kijana anayecheza mechi alasiri ndiye yule yule aliyekuwa gatini asubuhi akishusha mchanga. Hapa kwetu vichochoro ni vyembamba na magari ni ya kuhesabika, kwa hiyo kisichobebwa na punda au mkokoteni hubebwa na mtu.

Tunapozungumzia majeraha ya wachezaji huwa tunauzungumzia uwanja peke yake, na tunapozungumzia kazi za likizo huwa tunazungumzia fedha na tabia njema peke yake. Lakini mwili wa kijana hauna madaftari mawili. Kila anachokimbia, anachokibeba na anachokipanda huandikwa katika daftari moja, na goti lililoumia Jumapili ndilo litakalopandishwa ngazi na mfuko wa saruji wa kilo 50 siku ya Jumatatu.

Nimeshuhudia mara nyingi kijana aliyeteguka kifundo cha mguu akikatazwa mpira kwa wiki tatu, naye akatii kwa moyo mmoja, wala hakuugusa. Ila katika wiki hizo hizo alikuwa akibeba mawe kutoka mashuani hadi penye ujenzi, kwa sababu hakuna aliyemwambia asibebe. Aliyemtibu alimuuliza anacheza nafasi gani, hakumuuliza anafanya kazi gani. Mwajiri alimtazama mabega, hakumtazama mguu. Sisi wakufunzi nasi tulimpokea mwisho wa wiki ya tatu tukamwingiza uwanjani kama mtu aliyepumzika.

Naomba wenye ujuzi watusaidie: kijana aliyeumia afanye kibarua gani, aepuke kipi, na mzigo wake upimwe vipi? Tafadhali tusiuhamishe uzi kwenye siasa za ajira za vijana, maana hizo zina nyuzi zake.

2. Mama wa Mkomani

Wa alaykum salaam, mwalimu. Nakubaliana nawe, ila usisahau kwamba si kila mzigo unalipwa. Nina binti wa miaka 13 anayecheza netiboli shuleni, na tangu muhula uliopita analalamika maumivu chini ya kilegesambwa, mahali ambapo pamejitokeza kama kinundu kigumu. Shule ikifungwa huambiwa amepumzika, kumbe kazi ndiyo imeanza. Nyumba yetu ni ya ghorofa mbili, ngazi zake ni zile za kizamani zilizosimama wima, na pampu ikiharibika maji hupandishwa kwa madumu ya lita 20. Kaka yake akibeba mchanga hulipwa na watu humpa pole. Yeye akibeba maji hakuna anayeiita kazi.

Nyanya yake amekuwa akimchua kwa mafuta ya simsim yaliyopashwa moto. Usiku mmoja hupata nafuu, siku ya pili maumivu yako pale pale. Ningependa kujua kama kuchua kuna ubaya, na kama nimkataze ngazi moja kwa moja.

3. Fizio wa Kisiwani

Ahsante mwalimu kwa kuuanzisha uzi huu, na pole mama kwa maumivu ya binti. Ninafanya kazi ya fiziotherapia, na swali la mwalimu kuhusu tuliosahau kuuliza kibarua ni la haki. Siwezi kumpima mtu nisiyemwona, kwa hiyo nitakayoyasema ni ya jumla.

Nianze na binti. Kinundu chenye maumivu chini ya kilegesambwa, kwa msichana au mvulana anayekua haraka na anayeruka sana, mara nyingi ni hali iitwayo Osgood-Schlatter. Msuli mkubwa wa mbele ya paja unavuta kano lililoshikamana na mfupa wa muundi, na mahali penyewe pa kushikamana bado ni laini kwa kuwa mfupa unakua. Kuruka, kuchuchumaa, kupiga magoti na kupanda ngazi na mzigo ni mivuto ile ile, na kano halijui kama mvuto umetoka kwenye netiboli au kwenye dumu. Kwa kawaida hali hii hutulia ukuaji unapokamilika, ingawa huweza kuchukua miezi mingi. Usimkataze ngazi, mama. Mkatazeni ngazi yenye dumu, apewe chombo kidogo au kazi nyingine ya nyumbani, na apunguziwe kuruka kwa muda huku akifanya mazoezi ya kuimarisha paja. Kukaa kitako mwezi mzima hudhoofisha ule msuli tunaouhitaji, kisha shule ikifunguliwa maumivu hurudi kwa nguvu zaidi. Akipata homa, akiamshwa usiku na maumivu, au goti likivimba lote, aonwe hospitalini bila kungoja.

Kuhusu kuchua: mikono ya nyanya si adui. Misuli iliyokazana, au kifundo kilichobaki kigumu wiki kadhaa baada ya kuteguka, hunufaika kwa kuchuliwa taratibu. Ninachokipinga ni kuchua kwa nguvu na kukanda kwa maji ya moto katika siku mbili tatu za kwanza, wakati mishipa midogo ya damu imekatika na uvimbe bado unakua. Hatari yake huonekana zaidi kwenye paja lililopigwa goti au teke uwanjani. Damu iliyovilia ndani ya msuli, ikisuguliwa kila siku, huweza kugeuka mfupa ndani ya nyama, na kijana aliyepaswa kupona kwa wiki chache akapoteza msimu mzima.

Na barafu? Wengi wetu tulifundishwa mapumziko, barafu, kufunga bandeji na kuinua mguu, kanuni ambayo daktari Mmarekani Gabe Mirkin aliitangaza mwaka 1978. Mwenyewe aliandika mwaka 2014 kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya mwili kujitengeneza. Barafu bado hupunguza maumivu, basi itumie kwa hilo, dakika chache juu ya kitambaa, na usiitegemee kwa jingine. Msije mkanunua mtungi mzima wa barafu pale kwa wavuvi kwa ajili ya kifundo kimoja.

Jambo ambalo wakufunzi wote wangelijua kwa moyo ni namna ya kutambua kifundo kinachohitaji eksirei. Kanuni za Ottawa, zilizotungwa Kanada mwaka 1992, zinasema hivi: ikiwa kuna maumivu karibu na vifundo, kisha mtu akabonyezwa kwenye mfupa wa kifundo cha ndani au cha nje, ukingo wa nyuma, katika sentimita 6 za chini, akaumia pale pale kwenye mfupa, au ikiwa hakuweza kutembea hatua nne mara tu alipoumia na pia anapofika kwa tabibu, apigwe picha. Kwa kijana ambaye bado anakua naongeza tahadhari, kwa sababu kwake ligamenti, yaani kamba zinazounganisha mfupa na mfupa, huwa na nguvu kuliko sehemu laini ya mfupa inayokua, hivyo kinachoitwa kuteguka huweza kuwa ni mvunjiko wa sehemu hiyo. Ndiyo maana sipendi mganga wa mifupa amvute mguu mtoto wa miaka 14 kabla ya picha, hata awe fundi wa kusifika.

Sasa nije kwenye daftari la mwalimu, maana hapo ndipo penye kazi. Kuna njia nyepesi ambayo mtaalamu wa michezo Carl Foster aliieneza, isiyohitaji saa wala mashine. Baada ya mazoezi mchezaji huulizwa: kwa kipimo cha 0 hadi 10, yalikuwa magumu kiasi gani? Jibu lake huzidishwa kwa dakika alizofanya. Mechi ya dakika 90 aliyoipa 8 inatoa 720. Njia hii ilibuniwa kwa michezo, lakini mimi huitumia kwa kibarua vilevile. Kijana aliyeshusha mchanga mashuani kwa saa tatu, akaupa ugumu wa 7, amefikisha 1,260. Yaani amecheza karibu mechi mbili kabla ya adhuhuri, kisha jioni anaambiwa "leo mazoezi mepesi". Nikiyaona maandishi ya wiki mbili ya namna hiyo naelewa kwa nini msuli wa nyuma ya paja hauponi, na wala sihitaji kumlaumu mtu.

4. Fundi wa Maweni

Nimesoma yote. Mimi ni mwashi, na katika likizo huwachukua vijana wa shule kunisaidia. Ninaona mnazungumza kana kwamba kazi nzito ni ugonjwa. Wengi wetu tumekulia kwenye machimbo ya mawe kule Manda Maweni, na migongo yetu ipo. Kijana aliyezoea kubeba ana nguvu kuliko yule anayelipa ili ainue vyuma.

Kisha kuna jambo la riziki. Nikimwambia kijana kwamba mguu wake ni mbovu aende nyumbani, sijamtibu, nimemnyima sare ya shule au chakula cha nyumbani kwao. Atavuka kwa mwingine ambaye hatamuuliza chochote, na kesho hatasema tena kwamba ameumia. Nipeni kitu ninachoweza kufanya penye kazi, maana lawama haijengi ukuta.

5. Fizio wa Kisiwani

Fundi, hoja yako ya kuficha ni nzito kuliko zote zilizotolewa humu, na nakubaliana nawe kwamba mzigo wenyewe si ugonjwa. Mfupa na kano huwa na nguvu kwa kubebeshwa. Tatizo ni kuruka kutoka chini hadi juu kwa ghafla. Kijana amekaa darasani miezi mitatu, siku ya kwanza ya likizo anabeba mifuko ya saruji kutwa. Au amelala na mguu uliofungwa wiki mbili, siku ya kumi na tano anarudi gatini kama alivyoondoka. Vijana wa Maweni uliokua nao walianza na jiwe dogo, wakazoezwa mwaka hadi mwaka.

Unachoweza kufanya ni kumbadilishia kazi bila kumfukuza. Aliyeumia kifundo na ameruhusiwa kutembea anaweza kuchekecha mchanga, kumwagilia ukuta, kupokea na kuandika mifuko inayofika, au kukata na kupanga boriti akiwa mahali pamoja. Mkokoteni kwenye njia ya ufukoni iliyo tambarare ni mwepesi kwa kifundo kuliko mfuko mabegani katika vichochoro vyenye ngazi. Mfuko wa kilo 50 ugawanywe mara mbili, safari ziwe nyingi lakini fupi. Na ngazi za gati maji yanapokupwa, zikiwa na utelezi wa mwani, zisimhusu kabisa mpaka aweze kusimama kwa mguu ule mmoja, macho yakiwa yamefumbwa, bila kuyumba ovyo.

Kipimo cha maumivu ni hiki, na kijana mwenyewe anaweza kukisimamia: maumivu yasiyozidi 3 kati ya 10 wakati wa kazi yanavumilika, mradi asubuhi ya pili yawe yamerudi pale yalipokuwa. Akiamka na uvimbe au akichechemea kuliko jana, mzigo wa jana ulikuwa mkubwa, apunguziwe. Ukimwuliza swali hilo kila asubuhi kabla ya kumpangia kazi, naye akajua kwamba jibu la kweli halimpotezei siku ya malipo, hataficha.

6. Mkufunzi wa Langoni

Hilo la malipo ndilo kiini. Niongeze la sheria kwa ufupi, kwa kuwa waajiri wengi wa hapa ni watu wema ambao hawajalisikia. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamkataza mtu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13. Wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala masomo yake. Na kazi za hatari haziruhusiwi kwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo mtoto wa miaka 14 na mfuko wa saruji hawapaswi kukutana hata akiwa mzima wa miguu yote miwili. Halafu ipo Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, inayomtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Kijana akiteguka gatini, mara nyingi husimuliwa kwamba ameumia mpirani, kwa sababu mpira hauna wa kudaiwa.

7. Mlamu wa Ughaibuni

Salamu kutoka Marekani, ambako naishi na wanangu wawili wa umri huo. Huku kazi za likizo ya kiangazi ni desturi ya miaka mingi, na kijana wa miaka 15 au 16 huonekana akiuza aiskrimu, akikata nyasi, au akilinda waogeleaji kwenye bwawa baada ya kupata mafunzo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 inawawekea wa miaka 14 na 15 mipaka ya saa: wakati shule zimefungwa wasizidi saa 8 kwa siku na saa 40 kwa wiki, na kuanzia Juni mosi hadi Siku ya Wafanyakazi, ambayo huku huwa mwanzoni mwa Septemba, wasifanye kazi baada ya saa tatu usiku. Msidhani lakini kwamba jambo la mwalimu limetatuliwa huku. Mwanangu mkubwa anacheza soka, na fizio wake alimpa ratiba nzuri ya mazoezi ya nyonga bila kuuliza kwamba kila siku anasimama saa 8 kwenye sakafu ya saruji dukani. Mama yake ndiye aliyelitaja.

Jambo moja ningependa muliige. Baadhi ya vijana wa sekondari huku hupata nafasi za likizo katika zahanati za fiziotherapia zenyewe, wakisafisha vitanda, wakipanga vifaa na kuwapokea wagonjwa. Hawamtibu mtu, wala hawaruhusiwi. Lakini mchezaji aliyeumia akikaa mwezi mmoja mahali hapo huona kwa macho yake kwamba wanaopona ni wale wanaorudia zoezi lile lile la kuchosha kila siku, na huenda akaipenda kazi yenyewe.

8. Kiungo Mkabaji

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nina miaka 17, ndiye mnayemzungumzia. Niligeuka na mpira, goti likatoa mlio, likavimba usiku ule ule. Nilifanyiwa upasuaji wa ligamenti iliyo katikati ya goti (ACL) huko Mombasa, na Disemba itakuwa miezi sita. Natembea vizuri, nakimbia kidogo, sina maumivu. Nimepata kazi ya ubaharia kwenye mashua ya kutembeza wageni msimu huu, na timu yangu inanitaka kwa mashindano angalau nusu ya pili. Kwa kuwa sina maumivu, je, kuna ubaya?

9. Fizio wa Kisiwani

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuuliza kabla na si baada.

Kutokuwa na maumivu si ushahidi kwamba ligamenti iko tayari. Kano lililopandikizwa mahali pa ligamenti iliyokatika huchukua miezi mingi kugeuka ligamenti hai, na katika miezi hiyo goti linaweza kuwa kimya kabisa huku ndani bado ni dhaifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu wachezaji waliofanyiwa upasuaji huo ulionyesha kwamba kila mwezi waliouongeza kabla ya kurudi mchezoni, mpaka kufikia miezi 9, ulipunguza kuumia tena kwa takriban nusu. Mwingine kutoka Sweden, wa mwaka 2020, uliwatazama vijana na kukuta kwamba waliorudi kabla ya miezi 9 waliikata ligamenti tena kwa kiwango cha karibu mara saba ya waliongoja. Basi mashindano ya Disemba hayapo kwako, hata dakika tano, hata kama timu inafungwa. Ukifika miezi 9 bado kuna mtihani: nguvu ya paja la mguu uliopasuliwa iwe angalau asilimia 90 ya ule mzima, na kuruka kwa mguu mmoja vilevile. Usiongozwe na kalenda peke yake.

Ubaharia sasa. Watu huiona kazi nyepesi kwa kuwa wageni wamekaa na upepo ndio unaofanya kazi. Lakini fikiria unachofanya: unaruka kutoka mashuani hadi gatini huku chombo kinapanda na kushuka, unageuza mwili ghafla tanga linapohamishwa, unasimama kwenye mbao zilizolowa, na siku za kushindana unakaa kwenye ubao unaotoka nje ya chombo ili kukisawazisha. Kujipinda juu ya mguu uliokanyaga ndiko kulikokata ligamenti yako. Mwombe nahodha akupe kazi ya kupokea wageni, kupika na kuandaa chakula nchi kavu, au kuweka hesabu za safari, na umweleze sababu kwa uwazi. Nahodha anayeijua bahari haoni aibu kumwacha baharia mgonjwa ufukoni.

Kwa kuwa utakuwa karibu na maji, yatumie. Mtu aliyesimama majini hadi kiunoni hubeba kwa miguu takriban nusu ya uzito wake, na akifika kifuani hubaki na karibu theluthi moja. Ndiyo maana kutembea ndani ya maji ni zoezi zuri kwa goti na kifundo kinachojifunza tena kubeba mwili. Chagua wakati ambao bahari imetulia, usiende bamvua mkondo unapokuwa mkali, na usiwe peke yako. Kinyume chake, usidanganywe na mchanga mkavu wa Shela. Wengi huudhani ni laini kwa hiyo ni salama, kumbe kuukimbilia hula nguvu mara moja na nusu au zaidi ya kukimbia kwenye ardhi ngumu, na kisigino kinapozama kano la nyuma ya mguu huvutwa sana. Anza kwenye mchanga mgumu ulioachwa na maji yanapokupwa, ule ambao nyayo hazizami.

Na kwa wazazi wanaosoma: si kila ligamenti ya goti iliyokatika lazima ipasuliwe. Nchini Sweden watu wazima 121 wenye umri wa miaka 18 hadi 35 waligawanywa, wengine wakafanyiwa upasuaji mapema, wengine wakaanza na fiziotherapia wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye wakihitaji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili zaidi ya nusu ya kundi la pili hawakuhitaji upasuaji, na makundi yote mawili yalikuwa katika hali inayokaribiana. Hao walikuwa watu wazima, na kijana anayekua huamuliwa kwa tahadhari ya pekee. Ila familia isiyo na fedha za upasuaji leo isikate tamaa ikaacha na mazoezi.

10. Mshona Kofia

Naingia kwa dogo. Wakati wa ujana wetu, mtu aliyeumia mguu alipewa kofia ya kudarizi. Kofia ya vito iliyotulia hupata mnunuzi mzuri hadi leo, na hufanywa barazani kivulini. Sijui kwa nini vijana wa mpira wanaona hiyo ni kazi ya wazee. Ninayo nafasi ya wawili au watatu likizo hii, na mwenye mguu uliofungwa ndiye nitakayemtanguliza.

11. Fizio wa Kisiwani

Mzee wangu, hilo ni pendekezo zuri kuliko mengi yaliyotolewa, na lina malipo. Ninaomba mawili tu. Mwenye goti asikae mkao wa kukunja miguu, apewe kiti na mguu unyooshwe mbele. Na kila nusu saa ainuke atembee hadi mwisho wa kichochoro na kurudi. Kukaa kutwa hukausha goti na kulegeza paja, na nimeona waliopumzika vizuri mno wakirudi wakiwa dhaifu.

12. Mkufunzi wa Langoni

Nahodha wa vijana wangu ameniomba niulize kuhusu kuzuia, maana tumezungumza sana juu ya walioumia. Kabla ya mazoezi sisi hukimbia mizunguko miwili ya uwanja na kunyoosha misuli. Je, inatosha?

13. Fizio wa Kisiwani

Haitoshi. Upo mpango wa kupasha mwili uitwao FIFA 11+, wa dakika 20 hivi, wenye mazoezi 15: kukimbia taratibu, kisha kuimarisha kiwiliwili, mapaja na usawa wa mwili, kisha kukimbia kwa kasi na kugeuka. Ulijaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, na majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu katika timu zilizoufuata. Hauhitaji kifaa isipokuwa mpira. Ndani yake kuna zoezi la kupiga magoti huku mwenzako amekushika vifundo, ukajishusha mbele taratibu. Hilo ndilo la msuli wa nyuma ya paja, na linauma siku ya pili, hivyo lianze kwa marudio machache. Lisifanywe jioni ya siku ambayo vijana wameshusha mchanga. Liweke siku ambayo hakuna mashua.

14. Fundi wa Maweni

Nimekubali sehemu kubwa. Vijana wawili nitawaweka kwenye kuchekecha na kupokea mifuko, malipo yale yale ya siku, na swali la asubuhi nitaliuliza. Ila mmoja anachechemea tangu mechi ya juzi na hataki kwenda popote. Nimpeleke wapi, na aende na nini?

15. Fizio wa Kisiwani

Mpeleke Hospitali ya King Fahd hapa mjini. Apitie kwa daktari kwanza, na kama mfupa wa kifundo unauma ukibonyezwa, mkumbushe aulize kuhusu eksirei. Mkienda kwa mtaalamu wa binafsi, ulizeni kama amesajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Fiziotherapia la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Aliyesajiliwa hataona vibaya kuulizwa. Aje na karatasi uliyomwandikia kazi anazozifanya na saa zake, pamoja na ndara anazovaa gatini. Viatu vya mpira nitaviona uwanjani. Ninachotaka kukiona ni kile anachokanyagia mawe.